Moyo uliotanuka: namna ya kuutuliza na kumtunza mgonjwa nyumbani, kanda ya ziwa

Mgonjwa ametoka hospitali na karatasi inayosema moyo umetanuka. Mfukoni ana dawa nne: enalapril, carvedilol, spironolactone na furosemide, hii ya mwisho wengi wakiijua kwa jina la Lasix. Wiki ya pili anasema kile kidonge kidogo cha asubuhi na jioni, carvedilol, kinamlegeza. Nyumbani wanakiacha. Badala yake inanunuliwa chupa ya kinywaji cha kuongeza nguvu, na jirani anashauri mgonjwa akatundikiwe dripu. Siku kumi baadaye amerudi wodini, miguu imejaa, pumzi inakatika.

Waliofanya hivyo hawakuwa wazembe. Walifuata hesabu inayoingia akilini: mtu amechoka, aongezewe nguvu. Lakini moyo wa namna hii haujakosa amri ya kufanya kazi. Amri unazo tele, tena usiku na mchana, kupita nishati iliyopo ya kuzitekeleza. Mwongozo huu ni wa ndugu anayemtunza mgonjwa, mhudumu wa afya wa kijiji na muuguzi wa zahanati, kuanzia Igombe hadi Ukara. Majina ya dawa yameandikwa kama yalivyo kwenye kisanduku ili uweze kuyalinganisha. Dozi zilizotajwa ni za mtu mzima, na anayezipanga ni daktari. Kazi yako ni kujua kwa nini zimepangwa hivyo na kuona mapema mambo yanapoanza kwenda mrama.

Jiko la moyo na mpima kuni wake

Moyo hupiga mara 100,000 hivi kwa siku. Kila pigo hulipiwa kwa ATP, molekuli ndogo inayobeba nishati ndani ya seli. Akiba ya ATP kwenye seli ya moyo ingekwisha kwa sekunde chache tu kama isingetengenezwa upya bila kukoma. Ukijumlisha siku nzima, ATP inayotengenezwa na kutumika hufika karibu kilo 6, na hayo yanafanyika ndani ya kiungo chenye uzito wa gramu 300 hivi. Ndiyo maana theluthi ya ujazo wa seli ya moyo ni mitokondria, yaani majiko yenyewe.

Moyo wenye afya hupata asilimia 60 hadi 70 ya nishati yake kutoka kwenye asidi za mafuta. Inayobaki hutoka kwenye glukosi, lakteti na ketoni. Mafuta yana nishati nyingi lakini yanakula oksijeni: kwa kila ATP yanahitaji oksijeni zaidi ya glukosi kwa asilimia 10 hivi. Mtu mzima wa afya haoni tofauti. Mwenye mshipa wa moyo ulioziba nusu anaiona.

Anayechagua kipi kichomwe ni vimeng'enya, na vimeng'enya vyenyewe vina swichi. Swichi iliyoenea kuliko zote ni fosfeti: kimeng'enya kimoja kinambandika mwenzake fosfeti, mwenzake anawaka au anazima, halafu kingine kinakuja kuibandua. Edmond Fischer na Edwin Krebs walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1992 kwa kugundua jambo hili, na dawa kama carvedilol iliyo mfukoni mwa mgonjwa wako inafika mwishoni kwenye swichi hizo.

Mpima kuni wa jiko hili anaitwa AMPK. ATP ikitumika hadi mwisho huacha AMP, kama kuni zinavyoacha majivu. AMP ikirundikana, AMPK hubandikwa fosfeti na kimeng'enya kiitwacho LKB1, kisha huanza kutoa amri. Huvuta milango ya glukosi, GLUT4, kutoka ndani ya seli hadi kwenye utando wake ili sukari iingie. Huzima kimeng'enya kinachotengeneza malonili-KoA. Hiyo ndiyo komeo kwenye mlango wa mitokondria, kwa hiyo ikipungua mafuta yanapita kuingia jikoni. Tena husimamisha ujenzi wa protini mpya: chakula kwanza, kuta baadaye.

Usidhani basi kwamba AMPK ikiwaka daima ndiyo heri. Wapo wanaozaliwa na hitilafu kwenye jeni ya PRKAG2, inayotengeneza sehemu ya AMPK yenyewe. Moyo wao hujaa glaikojeni, ukuta unakuwa mnene, na umeme wa moyo unapata njia ya mkato inayoleta mapigo ya kasi. Ishara nzuri ni ile inayowaka kwa wakati wake na kuzimika kwa wakati wake.

Kwa mwenye kisukari lango jingine ndilo linaloharibika. Sukari huingia jikoni kupitia kimeng'enya cha piruveti dihaidrojenesi, kwa kifupi PDH. Asidi za mafuta zikizidi damuni PDH hufungwa, na moyo unabaki kuchoma mafuta hata kama damu imejaa sukari. Philip Randle na wenzake walieleza ushindani huo wa mafuta na sukari mwaka 1963. Moyo wa hivyo unakula oksijeni nyingi na haubadiliki upesi hali inapogeuka, kwa hiyo mgonjwa wa moyo mwenye kisukari asiruke kliniki ya sukari kwa kisingizio kwamba ana kliniki ya moyo.

King'ora kisichozimwa

Mvuvi akivuta wavu, au mtu akikimbilia daladala, adrenalini hugusa vipokezi vya beta kwenye seli ya moyo. Ndani, AMP ya mviringo (mjumbe wa ndani ya seli, siyo ile AMP ya majivu) hupanda na kuwasha kimeng'enya cha PKA. PKA hubandika fosfeti kwenye milango ya kalsiamu: kalsiamu inaingia kwa wingi, moyo unakaza kwa nguvu. Hubandika pia kwenye breki ya pampu inayoirudisha kalsiamu ghalani, na moyo unalegea haraka tayari kwa pigo lingine. Kukaza kunalipiwa ATP, kulegea kunalipiwa ATP. Dakika chache baadaye vimeng'enya vingine huivunja AMP ya mviringo na kubandua fosfeti, na king'ora kinanyamaza.

Sasa chukua moyo uliodhoofika kwa presha ya miaka mingi, kwa uzazi, au kwa valvu iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni. Damu inayofika kwenye figo na ubongo imepungua. Mwili una tafsiri moja tu ya jambo hilo, ile uliyoirithi tangu kale: tunavuja damu. Unamimina adrenalini na noradrenalini mchana kutwa, na figo zinatoa renini ili chumvi na maji vizuiwe. Moyo mgonjwa unachapwa mijeledi. Kalsiamu inavuja ndani ya seli, ATP haitoshi, seli zinakufa moja moja na kuacha makovu, na zilizobaki zinaviondoa vipokezi vyao vya beta juu ya utando, kama mtu anayeziba masikio.

Zamani madaktari nao walidhani dawa ya kuongeza AMP ya mviringo ingesaidia. Milrinone ya vidonge ilijaribiwa. Matokeo yaliyotolewa mwaka 1991 yalionyesha vifo vimeongezeka kwa asilimia 28 kwa waliomeza dawa kuliko wasiomeza. Mwaka 1999 majaribio mawili makubwa ya dawa za kuzuia beta, kundi la carvedilol, moja la bisoprolol na jingine la metoprolol inayotoka polepole, yalionyesha vifo vimepungua kwa asilimia 34. Dawa inayotia nguvu iliua, inayolegeza ikaokoa. Mgonjwa akilalamika kwamba carvedilol inamchosha, mwambie hivyo hivyo, kwa maneno hayo.

Kuanza na kupandisha carvedilol

Haianzwi mgonjwa akiwa amejaa maji. Kwanza furosemide ikaushe mapafu na miguu ipungue. Kisha pima presha: namba ya juu isiwe chini ya 90. Hesabu mapigo kwa dakika nzima kwa saa yenye mshale wa sekunde, maana kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne hukosea sana mapigo yasipokuwa sawa. Yakiwa chini ya 50, usianze wala kupandisha. Mpeleke kwa daktari. Mwenye pumu asipewe carvedilol kabisa kabla daktari hajajua.

Dozi ya kuanzia ni 3.125 mg mara mbili kwa siku. Kidonge kinachopatikana mara nyingi ni cha 6.25 mg, hivyo ni nusu asubuhi na nusu jioni. Kata kwa wembe mpya juu ya sahani, usivunje kwa meno. Amezwe pamoja na chakula, kwa sababu kikiingia tumbo tupu hufyonzwa haraka na mgonjwa akisimama anaona giza. Baada ya wiki mbili au zaidi, kama hali ni tulivu, dozi huongezwa maradufu: 6.25, kisha 12.5, hadi 25 mg mara mbili kwa siku. Kuharakisha hatua hizi ndiko kunakoharibu sifa ya dawa hii vijijini.

Uchovu wa wiki mbili za kwanza unatarajiwa. Uzito ukianza kupanda katika kipindi hicho, kinachorekebishwa kwanza na daktari huwa furosemide. Carvedilol haiachwi ghafla. Imekuwa ikivifunika vipokezi vya beta. Ukiondoa kinga kwa siku moja, adrenalini inavikuta vyote viko wazi, na mapigo yanaruka.

Duka la dawa likikosa carvedilol, usikubali kupewa atenolol au propranolol kwa maelezo kwamba ni ndugu. Ni ndugu kweli, ila zilizothibitishwa kupunguza vifo kwa moyo ulioshindwa ni carvedilol, bisoprolol na metoprolol ya kutoka polepole. Na kwa mwenye kisukari anayetumia insulini: sukari ikishuka hataona moyo kwenda mbio wala mikono kutetemeka. Jasho litabaki. Akitoka jasho la ghafla, pima sukari.

Enalapril, spironolactone na potasiamu

Renini ya figo huzaa anjiotensini I, na kimeng'enya kiitwacho ACE huigeuza kuwa anjiotensini II, inayobana mishipa, kuita aldosteroni izuie chumvi, na kuziamuru seli za moyo zinenepe na kuota makovu. Enalapril humzuia ACE. Spironolactone huzuia aldosteroni mbele zaidi. Enalapril huanza na 2.5 mg mara mbili kwa siku na kupanda hadi 10 au 20 mg mara mbili.

ACE ana kazi ya pili: kuivunja bradikinini. Akizuiwa, bradikinini hujaa na wengine hupata kikohozi kikavu kinachowasha koo. Usikichanganye na kikohozi cha maji mapafuni. Cha dawa hakichagui kukaa wala kulala. Cha maji huanza mgonjwa akilala chali na kupungua akiketi. Cha dawa kikimnyima raha, daktari humbadilishia losartan. Midomo au ulimi ukivimba, enalapril iachwe saa hiyo hiyo, mgonjwa akimbizwe hospitali, na asiimeze tena maisha yake yote. Mwanamke anayetaka kushika mimba, au ambaye siku zake zimechelewa, aseme mapema, kwa kuwa enalapril, losartan na spironolactone zote zinaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Dawa hizi mbili kwa pamoja hupandisha potasiamu, nayo ikizidi husimamisha moyo. Potasiamu na kreatinini (kipimo cha kazi ya figo) zipimwe kabla, kisha wiki moja hadi mbili baada ya kuanza na baada ya kila kupandisha. Potasiamu ikizidi 5.5 mmol/L spironolactone hupunguzwa nusu. Ikifika 6 husimamishwa na mgonjwa hupelekwa hospitali siku hiyo.

Hapa kuna mtego kwa zahanati zinazotuma damu mjini. Ndani ya seli nyekundu potasiamu ni nyingi mno kuliko nje. Mpira ukikazwa mno mkononi, mgonjwa akiambiwa afumbe na kufumbua ngumi, sindano ikiwa nyembamba, au chupa ikirushwarushwa kwenye pikipiki na kukaa saa nyingi bila kutenganishwa, seli zinapasuka au kuvuja na kipimo kinasoma juu kwa uongo. Damu ipelekwe ndani ya saa mbili, ikiwa wima. Majibu yakija juu kwa mtu asiye na dalili, kipimo kirudiwe, lakini kwa 6 na zaidi usisubiri marudio nyumbani: kipimo cha umeme wa moyo kinaweza kuonyesha hatari upesi, ingawa kikiwa sawa hakiondoi hatari.

Siku ya kuharisha na kutapika, piga simu kituoni siku hiyo hiyo. Mara nyingi enalapril, spironolactone na furosemide husimamishwa hadi mgonjwa aanze kula na kunywa, kwa sababu figo iliyokauka haiwezi kuzistahimili. Akiwa anatumia dapagliflozin, dawa ya kisukari inayotumika pia kwa moyo, nayo husimamishwa. Asiyekula huku akiimeza anaweza kujaza asidi ya ketoni damuni.

Diclofenac na ibuprofen ni marufuku, za vidonge na za sindano. Zinazuia vimeng'enya vinavyotengeneza prostaglandini, ambazo figo inazitegemea kufungua mishipa yake. Bila hizo chumvi inabaki mwilini, Lasix inakosa nguvu na kreatinini inapanda. Mgongo ukiuma, ameze paracetamol, isizidi gramu 4 kwa siku, na isiwe ile inayochemka kwenye maji, maana imebeba sodiamu.

Chungu, mizani na dripu

Chumvi ya siku nzima isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, ikihesabiwa kila kitu. Huku kwetu adui mkubwa ni kayabo, sangara wa kukaushwa kwa chumvi. Asile, hata akiloweka. Dagaa waliokaushwa kwenye chanja bila chumvi hawana tatizo. Sato mbichi achemshwe kwa nyanya, tangawizi na ndimu. Kinachosahaulika ni magadi. Watu wanapunguza chumvi kwenye mchuzi halafu wanatia magadi kwenye mlenda na maharage, na magadi ni sodiamu ile ile. Loweka maharage usiku, mwaga maji, chemsha bila magadi. Yatachelewa kuiva, basi.

Lile lango la sukari, PDH, haliwezi kufanya kazi bila vitamini B1. Furosemide huitoa kwenye mkojo, gongo huzuia isifyonzwe, na ugali wa muhogo, sembe iliyokobolewa na wali mweupe vina kidogo sana. Upungufu mkubwa wa B1 peke yake unaweza kuushinda moyo na kujaza miguu. Karanga zisizo na chumvi, maharage na ugali wa dona ndiyo njia rahisi ya kuirudisha.

Uzito upimwe kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya chai, kwa nguo zile zile, na uandikwe kwenye daftari. Ukipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku tatu, hayo ni maji, siyo unene. Aende kituoni kabla pumzi haijabana. Asiye na mizani atumie uzi: weka alama kwa kalamu juu ya kifundo cha mguu, zungusha uzi hapo kila asubuhi, funga fundo unapokutana. Fundo likisogea siku mbili mfululizo, chukulia kama uzito umepanda.

Dripu ya lita moja ya maji ya chumvi ina gramu 9 za chumvi, karibu mara mbili ya kipimo cha siku. Ya glukosi ya asilimia 5 ina gramu 50 za sukari kwa lita, nishati isiyofikia sahani moja ya ugali, na maji yake yanaweza kuongeza yale ya mapafuni na miguuni. Vinywaji vya kuongeza nguvu vina kafeini inayochochea king'ora kile kile tunachojitahidi kukizima.

Kwa wanaovua dagaa ratiba inahitaji akili kidogo. Furosemide huanza kazi ndani ya saa moja na kudumu saa sita hivi, kwa hiyo anayefanya kazi usiku aimeze anapoamka mchana, siyo alfajiri anapokwenda kulala. Tarehe ya kuchukua dawa ipangwe wakati wa mbalamwezi, taa zisipovuta dagaa na watu wako nchi kavu. Ukiipanga wakati wa giza hataonekana. Kuvuta wavu aache. Kukaa mtumbwini peke yake usiku pia aache, kwa sababu kizunguzungu cha nchi kavu ni kuanguka tu, cha majini ni kuzama. Kazi ya kuanika na kupepeta inamfaa. Vidonge vibaki kwenye karatasi yake ya kiwandani, ndani ya kopo lenye mfuniko, mbali na bati la paa.

Tahadhari moja ya ufukweni: si kila tumbo lililojaa ni moyo. Kichocho cha tumbo kimeenea kandokando ya ziwa, na kinapoharibu mishipa ya ini hujaza maji tumboni na kuvimbisha bandama. Mlaze mgonjwa akiwa ameinuliwa nusu, tazama mshipa wa shingo. Kwenye moyo ulioshindwa hutuna na kupanda kuelekea taya. Kwenye ini mara nyingi haujatuna. Tumbo kubwa na miguu myembamba, au kutapika damu, kunaelekeza kwenye ini. Wapo wenye yote mawili, na hao wanahitaji kipimo cha mawimbi ya sauti, kama kile kinachofanyika hospitali ya Bugando, Mwanza.

Pumzi ikibana usiku kisiwani, na kivuko ni mpaka asubuhi, mketishe wima ukingoni mwa kitanda, miguu ikining'inia. Usimlaze ili apumzike. Fungua madirisha. Kama daktari alishaandika dozi ya ziada ya furosemide kwa hali hii, mpe hiyo iliyoandikwa, usiongeze yako. Akitoa povu la rangi ya waridi, akiwa na maumivu ya kifua au akianza kuchanganyikiwa, tafuta boti, usisubiri kivuko. Aende ameketi, na kwenye mfuko mmoja weka dawa zote na visanduku vyake, daftari la uzito na majibu ya mwisho ya potasiamu, ili anayempokea upande wa pili asianze kukisia.